Fundi Evode Nzabandora na Bastola Tatu za Walikale

Wapapa na wamama wa Karuba, na ninyi wageni wetu muliotoka mbali mupaka Walikale, mimi ni Floribert, mudogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake vile yalivyokuwa.

Kaka yetu Evode Nzabandora alizaliwa hapa Karuba tarehe 14 Septemba 1916, mutoto wa tatu wa Papa Kanyamibwa na Mama Dorothée, akabatizwa mwaka uleule, akasoma kwa mapadri toka 1925 mupaka 1931, akajua kusoma, kuandika na hesabu, na mwalimu wake alisema mukono wake hautetemeki.

Tarehe 3 Februari 1937 aliingia jeshini, wakamufundisha kazi ya armurier, ndiyo fundi wa bunduki, akaenda nayo vita ya Abisinia mwaka 1941, akarudi muzima, akaacha jeshi mwezi wa nane 1944. Tarehe 8 Septemba 1945 alifunga ndoa na Mama Thacienne, binti wa kijiji cha Kingi, wakazaa Athanasie mwaka 1946, Léopold mwaka 1948 na Dancille mwaka 1951.

Toka tarehe 10 Januari 1947 alitumika Walikale, katika kampuni ya madini, akitengeneza silaha na mashini. Mwaka 1954 kampuni ilitaka kununulia maajenti wake wanaopita porini bastola mupya, zile zinazojipakia zenyewe kila risasi inapotoka, na muuzaji wa Bukavu akaleta aina tatu, zote za bei kali, na Evode akapewa kazi ya kuzipima.

Alianza Jumatatu tarehe 5 Aprili, akapiga masasi mia tatu kwa kila moja, mia zikiwa safi, mia baada ya kuzitumbukiza katika matope ya muto Lowa, na mia baada ya kuzilaza siku tatu katika mifuko yake ya ngozi iliyolowa maji. Ile ya kwanza, yenye mupini wa pembe na maua yaliyochorwa kwenye chuma, ilipokuwa safi ilipiga masasi yote mahali pa kufunikwa na kiganja, kwa hatua ishirini, na Evode alisema hajawahi kushika chuma kilichotengenezwa vizuri namna ile. Lakini vipande vyake vilibanana sana, na katika matope ilikwama mara kumi na moja. Ya pili, nyeusi, nzito, isiyo na pambo, ilitawanya masasi kidogo, lakini ilikwama mara moja tu. Ya tatu, fupi, ilikwama mara ine, sababu springi ya kusukuma masasi ilikuwa zaifu. Tena aliona jambo baya kuliko yote: ile ya maua, ikiwa imepakiwa, ikianguka juu ya jiwe, inapiga yenyewe.

Aliandika vile. Direkteri, mukubwa wa kampuni, aliyekuwa amekwisha kumupa muuzaji neno lake juu ya ile ya maua, alimuita akamwambia, “Evode, andika tu kama zote ziko muzuri.” Kaka akajibu, “Direkteri, mimi naandika yenye niliona, ao utafute muntu mwingine wa kuandika.” Tarehe 2 Mei alifukuzwa, akarudi Karuba kwa miguu, akalima maharagi na kutengeneza cherehani za watu, na kampuni ikanunua zile za maua.

Tarehe 17 Februari 1955 bastola moja ya maua ilimuponyoka ajenti kwenye mawe ya kivuko, ikapiga, ikavunja mguu wa Jean-Bosco, muwindaji aliyekuwa akiwaongoza, na mguu ukakatwa. Kaka alipoitwa kutoa ushahidi alieleza yote, bastola zikakusanywa, direkteri akaondolewa, na watu wakamusifu, lakini yeye hakufurahi. Aliniambia, “Floribert, nilisema mara moja, nikanyamaza. Ile mara moja haikutosha.” Akaenda Walikale, akakaa kwa Jean-Bosco miezi miwili, akimuchongea mguu wa muti wenye chuma kwenye goti, akiuvunja na kuurudilia mupaka ukakunjika vizuri. Jean-Bosco njo yule amesimama pale karibu na Mama Thacienne.

Mwezi wa sita mwaka huu wa 1957 tumbo lilianza kumuuma, tukamupeleka hospitali ya Kirotshe, na daktari alipokuwa anazungukazunguka na maneno, kaka alimwambia, “Dokta, uniambie yenye uliona.” Daktari akamwambia ni uvimbe, na hauna dawa. Kaka akamushukuru, akaomba kurudi nyumbani, akatengeneza mulango uliokuwa ukikwaruza, akamuonyesha Mama Thacienne na Athanasie mipaka yote ya shamba, jiwe kwa jiwe, halafu akakubali kulala. Alifariki Jumanne tarehe 19 Novemba, saa tatu ya asubuhi, mukono wake ukiwa katika mukono wa mke wake.

Tunashukuru daktari na masista wa Kirotshe, majirani waliobeba kitanda kupita milima hii katika mvua, wafundi aliotumika nao Walikale, na wamama waliopika toka jana.

Kaka Evode, tumesema yenye tuliona. Udongo wa Karuba ukupokee pole pole, upumzike kwa amani ya Mungu.