Mwanangu wa Duka la Kona na Maboksi Yake

Ndugu, jamaa na majirani, karatasi hii ilikuwa aisome kaka yake marehemu, lakini analia hata kabla ya kuifungua, kwa hiyo nasoma mimi mama yake, niliyeishia darasa la tatu, nikikwama mnisubiri.

Marehemu, mliyemwita Punguza kwa kuwa hakuwahi kumpunguzia mtu bei, alizaliwa nyumbani kwetu tarehe 9 Juni 1979, akiwa kitinda mimba wangu, akamaliza shule ya msingi mwaka 1993, hesabu akiziweza, mwandiko kama kuku amepita. Alibeba magunia dukani kwa mjomba wake, hadi tarehe 2 Machi 2006 alipofungua la kwake pale kona, chumba kimoja chenye dirisha la nondo, na mwaka 2008 akamwoa huyu mkwe wangu, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwezi wa pili mwaka huu umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukaunguza friji, na kabla fundi hajamaliza kuitengeneza, mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mtaji wote ukaenda huko. Sisi tukipita tunaona rafu zimejaa, naye anacheka, "Biashara inakwenda, mama." Presha ikampanda, akaandikiwa dawa za kila siku, kumbe anakunywa leo, kesho anaruka. Jumanne tarehe 14 Oktoba alianguka akifungua duka, akafariki hospitalini mchana huo, kwa kiharusi.

Jana nikaenda dukani kuwachukulia nyinyi sukari na majani ya chai, mkwe wangu akanishika mkono, "Mama, acha, hayo matupu." Nikavuta boksi la chai, jepesi, la sabuni, jepesi, yote yamegundishwa upya na kugeuzwa uso mbele. Mteja akitaka kitu, mkwe wangu alikuwa akitokea mlango wa nyuma, anakinunua duka la pili, la jirani, anakiuza bei ile ile, ili tu msiseme duka lao limekufa.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani waliombeba, na mwenye duka la pili, aliyejua akafunga mdomo, ingawa mimi ningependa aufungue. Jumatatu mkwe wangu anafungua, kwa hiyo rambirambi leteni unga, sukari na sabuni, na anayemdai marehemu aje kwangu, mjane asimsogelee.

Mwanangu, pumzika kwa amani, hasira zangu nitakuletea mwenyewe siku nikija.