Mama Kageha, Fundi wa Sare Aliyerudi Kesses

Wasikilizaji wapendwa, jioni hii tunamkumbuka Mama Kageha, fundi wa sare za shule pale Kesses. Alizikwa Jumamosi. Nimonia ndiyo iliyomchukua. Si moyo. Narudia, si moyo, maana moyo huo ulijaribu mara mbili ukashindwa.

Mwaka wa 2007 alipasuliwa kifua. Madaktari walitoa mshipa mguuni, wakaupachika moyoni ili damu ipite kando ya palipoziba. Hata nguvu hazijamrudia vizuri, ghasia za uchaguzi zikafika. Kibanda chake kikachomwa, cherehani ikiwa ndani, naye akafukuzwa kama mgeni. Akaishi kwa hema mjini Eldoret, dawa zikimwishia.

"Tulimsihi twende nyumbani Vihiga," anasema mwanawe, Stephen. "Akaniambia, 'Enda unisalimie watu. Mimi kazi yangu iko Kesses.'"

Na akarudi. Akaanza upya kwa cherehani ya kuazima.

Mwaka wa 2015 maumivu yakaanza tena. Ule mshipa wa kupachikwa nao ulikuwa umeziba. Kupasua kifua mara ya pili kulikuwa hatari mno. Daktari akamweleza njia nyingine: kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa wa mkono mpaka moyoni, kufungua palipoziba kwa kiputo kinachojazwa kikavimba humo ndani, halafu kuacha hapo stenti, kijibomba cha wavu wa chuma, mshipa usijifunge tena.

"Na mshipa ukipasuka?" Stephen akauliza.

"Inaweza kutokea," daktari akakubali.

Mama akakunja mkono wa blauzi. "Daktari, ingia."

Alikuwa macho wakati wote. Kiputo kilipojazwa, kifua kilimbana akadhani ameenda. Akamng'ang'ania muuguzi. Kisha pumzi ikarudi, polepole.

Baadaye akasikia Mzee Kipkirui, wa hapo hapo Kesses, ana tatizo kama lake na amekataa matibabu. Wasikilizaji, vijana wa huyo mzee walikuwa kati ya waliomfukuza Mama Kageha. Yeye alijua. Kijiji kizima kilijua. Akaenda na gari la Stephen mpaka mlangoni.

"Mama, umekuja wewe?" Mzee akashangaa. "Baada ya yale yote?"

"Yale tutaongea ukipona, Mzee. Panda gari."

Mzee akapanda. Akawekewa stenti, akapona. Na wakaongea, wawili tu, mchana kutwa. Walichosema hawakumwambia mtu.

Jumamosi Mzee alisimama kaburini, akiegemea fimbo. "Sisi tulimfukuza," akasema. "Yeye akaja kunichukua." Akaketi.

Kwa Stephen na jamaa yote, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nawe unayenisikiliza, kama kifua kinakubana ukipanda mlima, usijikaze kimya, nenda ukapimwe. Na kama kuna mgonjwa ambaye una kila sababu ya kutomtembelea, kesho vaa viatu uende.