Moshi wa Jikoni kwa Nyanya

Gari lilipotoka Kitengela, Nyakio alijifanya amelala ili asikie vizuri. Mbele yake mama mmoja alikuwa akimlalamikia mzee aliyeketi kando yake: binti yake ameitwa chuo, lakini amenyimwa kitambulisho, na bila kitambulisho hapati mkopo wa serikali.

“Kwani alizaliwa wapi?”

“Tanzania, kwa mama yangu. Ilikuwa mimba ya kwanza, nikarudi nyumbani anitunze. Kutoka boma yetu Loitokitok, hapo mpakani, unaona moshi ya jikoni yake! Na babake ni Mkenya.”

“Si ungewadanganya tu hao maafisa wa vitambulisho?”

“Waliniuliza, mzee, nikajibu.”

Gari likasimama Kajiado. Binti mwenyewe, aliyeketi dirishani upande wa pili wa mama yake, akageuka. “Mama, kwani nyanya hangekuja kwako?”

Mama akainama kutafuta kiatu ambacho tayari alikuwa amevaa.