Futi Sita na Inchi Tisa za Nikolao Alfredi

Aliyelala mbele yenu ni Nikolao Alfredi, na aliyemwandikia haya ni Veridiana, dada yake wa tumbo moja. Ameyaandika kwa hasira, wala hajutii.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, hapa Kitangari, wilaya ya Newala. Alisoma shule ya msingi hapahapa, kisha sekondari Masasi, akahitimu mwaka 1987. Enzi hizo maji yalifuatwa bondeni, na njiani watoto walizoea kuchota kwa kiganja kwenye ndoo za wenzao. Kwa urefu wa Nikolao, ndoo ya kichwani mwake hakuna aliyeifikia. Ilifika kwa mama imejaa pomoni, naye akiwacheka.

Mwaka 1991 viongozi wa klabu moja ya mpira wa kikapu kutoka Dar es Salaam walikuja Masasi na utepe. Walimpima mara mbili, wakapiga makofi: futi sita na inchi tisa. Akawa miongoni mwa vijana wa kwanza kulipwa mshahara kwa kucheza kikapu. Kitanda walichompa bwenini kilikuwa kifupi, akalala amekunja miguu miaka minne, hadi alipooa. Mwaka 1998 goti la kushoto lilichanika. Wakalifunga bendeji, wakamrudisha uwanjani mpaka fainali ikaisha. Punda afe, mzigo wa bwana ufike. Msimu uliofuata hawakumjua tena, akarudi kulima korosho.

Alifunga ndoa na Flora tarehe 7 Oktoba 1995, kanisani Masasi. Suruali za dukani zilimwishia kwenye mashavu ya miguu, na Flora aliziongeza vitambaa kwa mkono wake hadi mwisho.

Goti halikupona. Vidonge vya maumivu alivyomeza miaka zaidi ya ishirini vilimchosha figo. Alilazwa hospitali ya Mkomaindo, akafariki mchana wa Jumanne, tarehe 3 Juni 2025.

Jana klabu ilileta jeneza linalong'aa, lenye nembo yao. Mjomba Husseni, mkubwa wa ukoo upande wa mama, akalipima kwa kamba. Futi sita na nusu. Mjumbe wao akashauri marehemu akunjwe magoti kidogo.

"Mama, hiki ndicho kipimo cha kawaida," alisema.

"Mlipokuja kumchukua, mlitaka mtu wa kawaida?" Veridiana akamjibu. "Rudi nalo. Waambie waliokutuma, utepe wanao."

Mjomba Husseni alikwenda kung'oa mlango wa nyumba yake, akawapa mafundi mbao. Jeneza mnaloliona halina rangi wala nembo, lakini lina futi saba na nusu.

Marehemu ameacha mjane, Flora, watoto wawili, Priska na Filemoni, wajukuu wanne, dada yake Veridiana, na mjomba Husseni, ambaye jana alilala bila mlango.

Nikolao, hapa hakuna atakayekukunja. Nyoosha miguu, kaka, upumzike kwa amani.