Bi Jicho na Jibu la Mwezi wa Tatu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mwanamke wa maabara, aliyetutoka Jumanne iliyopita akiwa na miaka sitini na mitatu. Kazini walimwita Bi Jicho. Akiinamia darubini, hakuna kilichompita.

Ndani ya damu yetu kuna seli za ulinzi ziitwazo seli T. Saratani hupita mbele yazo, nazo zisiitambue. Bi Jicho alizitoa kwenye damu ya mgonjwa, akazibadilisha vinasaba ili ziijue alama iliyo juu ya saratani, akazizidisha, kisha zikarudishwa mwilini kwa dripu. Zikiiona ile alama, zinaua. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya miaka ishirini.

Mkuu wa utafiti alikuwa daktari, shoga yake tangu chuoni. Walivaa viatu saizi moja na kuazimana. Watoto wa daktari walimwita Bi Jicho mama mdogo.

Halafu mdogo wa kiume wa Bi Jicho, fundi cherehani, akapata saratani ya damu. Dawa zikagonga mwamba. Dada mtu ndiye aliyemshawishi aingie kwenye majaribio.

"Mume wangu alisita," anatuambia mke wa fundi, wifi yake Bi Jicho. "Akasema, kazi yangu kupima watu, leo napimwa mimi. Lakini wifi akisema jambo, kwake limekwisha."

Akarudishiwa seli zake, na homa ikamchemsha siku tano. Mwezi mmoja baadaye, saratani haikuonekana. Fundi akarudi kwenye cherehani.

Kwa utaratibu, Bi Jicho hakuruhusiwa kupima damu ya ndugu yake. Kwa hiyo shoga yake alimwahidi kumwambia kila jibu, na kila Ijumaa Bi Jicho alimuuliza: "Mdogo wangu vipi?"

"Salama. Wewe tulia."

Mwezi wa tano baada ya matibabu, shingo ya fundi ikavimba tezi. Bi Jicho akaomba faili, akalisoma wima, koti la maabara likiwa bado mwilini. Jibu la mwezi wa tatu lilikuwamo, na sahihi ya shoga yake chini. Saratani imerudi, tena imerudi bila ile alama. Seli alizozitengeneza kwa mikono yake zilikuwa hazina cha kushika.

Akaenda ofisini kwa daktari.

"Ulijua?"

"Nilitaka uhakika kwanza. Mkutano wa kutangaza matokeo ulikuwa wiki ile ile. Ningesema, wangesimamisha kila kitu."

"Uboho wangu unalingana na wake. Tulipima pamoja, wewe na mimi. Ningempa akiwa bado na nguvu."

Kikulacho ki nguoni mwako, wasikilizaji.

Walijaribu kumpandikiza uboho wa dada yake, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, lakini mwili ulikuwa umeshachoka. Fundi alifariki baada ya wiki sita.

Bi Jicho aliandika barua kwa kamati ya maadili. Wakubwa wake kazini wakamwomba aiondoe, akakataa. Wakamhamishia stoo, akahesabu glavu miezi minane. Alipoitwa kutoa ushahidi, alisoma tarehe mbili tu: siku jibu lilipotoka, na siku yeye alipoliona. Daktari akavuliwa ukuu wa utafiti.

Bi Jicho akarudi maabara. Alishiriki kutengeneza seli zinazotambua alama mbili, ili saratani ikificha moja ishikwe kwa nyingine. Na akashinikiza hadi ikawa kanuni pale: jibu likitoka, mgonjwa aambiwe siku hiyo hiyo.

"Wengi walipona," anasema binti wa marehemu fundi. "Siku moja nilimpongeza. Shangazi akaniambia, saratani haijawahi kuniahidi kitu. Yule daktari aliniahidi."

Mwezi uliopita, Bi Jicho akiwa kitandani, daktari aliomba kuja kumwona. Yule binti wa fundi ndiye aliyepeleka ujumbe. Bi Jicho akamjibu:

"Mwambie salamu zimefika. Kuja, asije."

Hakuja. Na Jumanne Bi Jicho akatutoka.

Kwa wifi yake, kwa binti wa mdogo wake na kwa wenzake wa maabara, tunawapa pole kutoka moyoni. Nasi tuliobaki tujiulize: ipo habari ya mtu tunayoijua, na mwenyewe haijui? Tumpelekee leo, angali na nguvu za kuisikia.