Tiba Tatu za Mke wa Ngassa

Benchi lenyewe lilikuwa gogo la mgunga lililochongwa juu kidogo, likalazwa mbele ya ghala la kununulia pamba pale Bariadi. Msimu ule wa mwaka tisini na sita halikupata kupumzika. Wanunuzi binafsi walikuwa wameingia, kila mmoja na mzani wake, na wakulima waliozoea chama kimoja cha ushirika sasa walikaa hapo na kahawa ya Salu wakibishana wamuuzie nani. Jumatano hiyo pamba waliiweka kando. Walikuwa wakimjadili mke wa Ngassa.

Tangu Monika ajifungue mtoto wa nne, miezi mitano nyuma, alikuwa amegeukia ukuta. Chakula mpaka abembelezwe, usingizi hana, mtoto ananyonya mama anatazama bati. Siku hizi ugonjwa huo una jina, sonona, lakini wakati ule watu walisema ana mawazo, wakaishia hapo. Kaka yake alikuwa ametuma salamu kutoka Bukundi kwamba kesho anakuja, na asipokuta tiba ya kueleweka anamrudisha dada yake kwao. Ngassa alimpenda mkewe, neno ambalo wanaume wa rika lake hawalitamki kijiweni, na hofu ya kumpoteza ndiyo iliyomleta kwenye gogo kuomba ushauri.

Alikwisha kujaribu tiba tatu, akawaeleza zote. Mfumu, yule mganga wa Shishiyu, alisema ni masamva, wale wazee waliokufa, wa upande wa bibi, wanataka kukumbukwa. Hospitali walitoa vidonge vya jioni. Kanisani waliombea. Ilibaki ya nne, ya yule muuguzi wa zahanati anayewakusanya akina mama kila Jumatatu wakazungumza mmoja mmoja, wengine wakisikiliza. Ashike ipi?

Januarius ndiye aliyeanza. Walimwita Daktari kwa sababu alipiga deki wodini miaka saba.

— Vidonge, alisema. Ila wamekupa dozi ya mtoto. Mpe viwili viwili, halafu vitatu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Utamuua mke wa mtu, alisema Novatus, katekista. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuinama ndiko kupiga magoti kwenyewe. Siku tisa, bila kukosa.

Ngassa aliuliza habari za muuguzi. Novatus alikunja uso. Wanawake kumi wakikaa wakatoa ya nyumbani mwao, alisema, Jumanne asubuhi mji mzima utajua nani anakoroma. Daktari akakubali, na ndiyo mara pekee waliyokubaliana siku hiyo.

Mayige alikuwa amewaacha wachoke. Yeye alimnunulia pamba tajiri mmoja wa Mwanza, na kwa jinsi alivyoyapenda mambo mapya, kijiwe kilimbatiza Soko Huria.

— Ninyi bado mna akili za ushirika, alisema. Mnunuzi mmoja, bei moja. Waite wote siku moja, mfumu, padri, daktari na huyo muuguzi. Kila mmoja na mzani wake. Atakayemwamsha ndiye aliyeshinda.

— Na wasipomwamsha? aliuliza Ngassa.

— Unaoa wa pili. Wivu unaamsha kuliko sindano. Wahenga wamesema fahali wawili hawakai zizi moja. Hawakusema mitamba.

Walicheka, na Ngassa naye akacheka, kisha akaona aibu kwamba amecheka. Daktari hakutaka kupitwa. Alidai wodini kuna mama aliyepona siku alipodanganywa kwamba nyumba yake inaungua, aliruka kitandani na mpaka leo analima. Soko Huria akaona kudanganya ni kazi nusu, akashauri wachome walau banda la kuku. Novatus alisema banda lichomwe siku ya tisa, baada ya sala.

Mwisho wa gogo alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo kutoka Zagayu, Kwandu kwa jina, akisubiri magunia yake yafikiwe na mzani. Alikuwa amewasikiliza kwa adabu muda wote, kikombe mkononi.

— Mwadila, baba, alimsalimu Ngassa.

— Mwadila, mayu, aliitikia Ngassa, kama anayemwamkia mama yake.

— Nisamehe, sikuitwa. Kule kwa mfumu, kifaranga kilitemewa mate ya nani?

Kila mtu pale alijua desturi. Mgonjwa hutema mate kwenye kifaranga kabla mfumu hajakipasua na kusoma ndani, na asiyeweza kutembea mate yake hupelekwa kwenye kijiti.

— Yangu, alisema Ngassa. Sikutaka kumsumbua.

— Na hospitali alieleza nani?

— Mimi.

— Kanisani aliwekewa mikono nani?

Ngassa alitazama chini. Ukweli ni kwamba alimficha. Mwanamke asiyeweza hata kupiga magoti akaamkia wageni, angempitisha vipi mbele za watu? Kwa hiyo kila mahali alikwenda yeye, akaeleza yeye, akainamisha kichwa yeye.

— Mimi, mayu.

— Basi wewe umetibiwa mara tatu, alisema Kwandu. Mkeo ataanza lini?

Daktari alikohoa. Novatus alitafuta kitu mfukoni asikipate. Soko Huria, ambaye hajawahi kukosa bei ya kitu, alimnyooshea Salu kikombe, na Salu akainamisha birika kuonyesha limekwisha.

— Kaka yake anakuja kesho, alisema Ngassa mbele ya wenzake wote. Nitamwambia nini?

— Mimi simjui mkeo, baba. Siye mimi wa kuulizwa.

— Kesho ni karibu sana, mayu.

— Leo bado ipo.

Walimwita Kwandu mzanini, akainuka kufuata magunia yake. Ngassa alikuwa amekwisha kupanda baiskeli, hakuaga mtu. Nyumbani alimkuta Monika ameelekea ukutani vilevile. Alivua viatu, akakaa sakafuni kati yake na ukuta ili macho yao yakutane, akamuuliza anaumwa nini. Ilikuwa mara ya kwanza.

— Nilidhani umenichoka, alisema Monika. Kila siku unatoka.