Unga Usio Wetu: Mama Mizani Anaaga

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Mama Mizani anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, muda wa kawaida wa kufunga ofisi. Nautaja muda huo kwa sababu ameshatangaza kwamba hatatoka hata dakika tano kabla, sherehe iwepo isiwepo. Anaondoka akiwa Mkuu wa Kitengo cha Pato la Taifa, cheo alichokaa nacho miaka kumi na minane bila kupanda wala kushuka.

Wafanyakazi wapya huuliza kwa nini mtu aliyewafundisha kazi wakurugenzi watatu hakuwahi kuwa hata mkuu wa idara. Swali hilo lina jibu, na nitalitoa humu humu, kwenye jarida la ofisi yetu ya takwimu. Mimi ninayeandika ndiye mkuu wa idara kwa sasa, yaani kwenye karatasi mimi ni bosi wake. Ni kwenye karatasi tu. Hadi leo nikimpelekea jedwali mezani kwake hujikuta nimesimama wima kama mwanafunzi anayesubiri daftari lisahihishwe.

Alianza kama mdadisi wa bei, mmoja wa wale wanaozunguka masokoni kila wiki na daftari wakiuliza nyanya bei gani, mkaa bei gani, sabuni bei gani. Katika mwaka wake wa pili, taarifa za ofisi zilionyesha kwamba bei ya fungu la nyanya haijabadilika kwa miezi minane. Wakubwa walifurahi. Yeye alikuwa akinunua nyanya hizo hizo kwa ajili ya nyumbani kwake, na aliona sufuria haijai. Mwanzoni mwa mwaka fungu lilikuwa na nyanya sita. Sasa lilikuwa na nne, na ya nne ilikuwa ya kusindikiza tu. Bei ilikuwa imesimama pale pale, fungu ndilo lililokonda.

Alinunua mizani ndogo ya jikoni, akaanza kupima kila fungu kabla ya kuandika bei. Wauzaji walimnunia wiki mbili, kisha wakazoea, kisha wakaanza kumwomba awapimie na mizigo waliyonunua kwa jumla, maana huko nako walikuwa wanapunjwa. Jina la Mama Mizani lilizaliwa sokoni, likapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, na mkurugenzi naye hulitumia akijisahau.

Mumewe, muuguzi na mtu wa masihara, hulalamika kwamba katika nyumba yake hata usingizi unapimwa. Binti yao alipokuwa darasa la pili aliulizwa na mwalimu mama yake anafanya kazi gani, akajibu kwamba anapima nchi kama ni nzito. Tumejaribu mara nyingi kuielezea kazi ya kitengo chetu kwa maneno machache kuliko hayo, tumeshindwa.

Kwa asiyelijua, pato la taifa ni thamani ya bidhaa na huduma zote zinazozalishwa nchini kwa mwaka. Kila mwaka nchi hupangwa kwa orodha kufuatana na pato hilo, na orodha ikitoka watu huisoma kama msimamo wa ligi. Mama Mizani hakuwahi kuipenda orodha ile, wala hakuwahi kuidharau. Alichotaka ni isomwe kwa haki. Waandishi wa habari waliokuja kumuuliza tumekuwa wa ngapi, aliwauliza kwanza wananyolewa kwa bei gani. Kisha aliwaeleza kwamba katika nchi tajiri kunyoa kichwa kimoja ni mara kumi ya bei ya hapa, na kinyozi wa kule huandikwa kuwa amezalisha mara kumi ya kinyozi wetu. Kichwa ni kile kile, wembe ni ule ule. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini bei ya kuzinyoa ndiyo inayotupanga kwenye orodha. Waandishi walicheka, wakaondoka, wakaandika tumekuwa wa ngapi.

Jambo lililomuuma zaidi ni wale ambao hawakuhesabiwa kabisa. Alibishana miaka minne mpaka mafundi cherehani wa barazani na wasusi wa majumbani wakaingizwa kwenye hesabu. Wanawake wanaolima wanachokula waliandikwa zamani kama watu wasio na kazi. Yeye alisema kwenye kikao, mbele ya wageni, kwamba asiye na kazi ni aliyeandika hivyo. Kumbukumbu za kikao zinasema kulikuwa na mjadala.

Sasa nije kwenye unga.

Miaka kumi na minne iliyopita tulibadilisha mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kupimia miaka mingine. Ule wa zamani ulikuwa wa enzi ambazo simu ya mkononi ilikuwa anasa, kwa hiyo hesabu mpya zilitarajiwa kupanda. Zilipanda kweli, karibu kwa moja ya tano. Katika nchi kumi na mbili za ukanda wetu tulitoka nafasi ya sita hadi ya nne, na njiani tukawapita jirani zetu, ambao tumekuwa tukitambiana nao tangu zamani, kuanzia kwenye mpira. Bango lenye neno TUMEPANDA lilishatundikwa ukumbini. Mkurugenzi wa wakati huo alishampa waziri taarifa. Alishaandaa pia barua ya kumpandisha Mama Mizani kuwa mkuu wa idara, na jengo zima lilijua, kwa kuwa katibu muhtasi aliyeichapa si mtu wa kuweka siri tumboni.

Siku tatu kabla ya tangazo, Mama Mizani alirudia majedwali yote tangu mwanzo. Kilichomsimamisha ni kitu kimoja. Mashine ya kusaga nafaka yenye injini moja na mfanyakazi mmoja ilionekana kuzalisha kuliko hoteli ya vyumba themanini. Asubuhi iliyofuata alinichukua nimbebee mafaili, tukaenda kwenye mojawapo ya mashine hizo, akakaa kwenye benchi karibu na mlango na kuanza kuhesabu ndoo. Hadi adhuhuri zilikuwa thelathini na moja. Kila ndoo iliingia na mtu wake ikiwa na mahindi, ikatoka na mtu yule yule ikiwa na unga.

Mwenye mashine alikuwa mweupe kwa unga mpaka kope. Mama Mizani alimuuliza anauza kilo ngapi za unga kwa siku. Yule bwana alizima injini ili asikie vizuri, akamwomba arudie swali, kisha akamtazama kwa huruma.

"Mama, unga si wangu, ni wao. Wangu mimi ni huo mlio tu."

Dodoso letu liliuliza kilo zilizosagwa. Aliyejaza jedwali alichukua kilo hizo akazizidisha kwa bei ya unga wa dukani. Kumbe mahindi yale yalishahesabiwa kwa mkulima, na cha mwenye mashine ni ada ya kusaga peke yake. Kila ndoo iliingia kwenye pato la taifa mara mbili, na msagaji mmoja alifanywa mmiliki wa unga wa mtaa mzima. Mashine za namna hiyo nchini zilikuwa maelfu. Tukiuondoa unga usio wetu, nchi ilirudi nafasi ya sita, mgongoni kwa jirani.

Kikao kilikaa siku hiyo hiyo mchana. Wapo waliopendekeza tutangaze kama ilivyo, tusahihishe kimya kimya mwaka ujao. Wapo waliosema hata jirani lazima wana unga wao humo ndani. Mama Mizani alikubali kwamba huenda wanao, akasema wa kwao watauchekecha wenyewe, na nafasi ya nne ya kuazima ina siku ya kurudishwa. Mkurugenzi, ambaye bango lilikuwa lake na ahadi kwa waziri ilikuwa yake, aliuliza jedwali la wasagaji alilijaza nani.

Tulikuwa saba mezani. Mimi nilikuwa na miezi minne kazini, bado kwenye kipindi cha majaribio. Nilikulia ghorofani, unga nikiujua kama kitu kinachotoka dukani kwenye pakiti, na sikuwahi kuona mtu akienda kusagisha. Jedwali lile nililijaza mimi. Niliitazama glasi iliyokuwa mbele yangu. Mama Mizani alilivuta faili, akalifungua ukurasa wa mwisho, akalisukuma kwa mkurugenzi.

"Saini ya uhakiki ni yangu. Andikeni kosa ni langu."

Wakaandika. Tangazo lilitoka na hesabu sahihi, na nafasi ya sita. Jarida hili hili, ukurasa wa tatu wa toleo la mwezi ule, lilieleza kwamba tangazo lilichelewa kwa sababu ya kosa la mkuu wa kitengo. Barua ya kupandishwa cheo haikutolewa. Karatasi moja iliingia kwenye jalada lake na haijawahi kutoka. Bango lilichukuliwa na mtunza stoo, akafunikia mashine mbovu za kunakili.

Nilikuwa na nafasi ya kusema kesho yake, na wiki iliyofuata, na mwaka uliofuata. Kila mara nilijiambia jambo limeshapoa. Lilikuwa limepoa kwangu.

Yeye aliendelea na kazi. Miaka miwili baadaye jirani nao walibadilisha mwaka wao wa kizio, na mtakwimu wao alimpigia simu kumuuliza tuliwapimaje wasagaji. Alimweleza kwa saa nzima, pamoja na tulipokosea. Baadhi yetu tulinung'unika kwamba anamfundisha mpinzani kufunga goli. Hesabu zao zilipotoka hazikuwa na unga wa watu, na tukabaki nyuma yao kidogo, kwa halali. Tangu hapo nchi nne za ukanda huu zinawapima wasagaji kwa njia moja, na orodha yetu ya ukanda, angalau kwenye mstari huo, inalinganisha vitu vinavyolingana. Hayo ndiyo mafanikio yake makubwa. Hayana cheti.

Nafasi ya mkuu wa idara ilipokuwa wazi tena, miaka miwili iliyopita, kamati ilifungua jalada lake, ikaikuta ile karatasi, ikalifunga. Wakanipa mimi. Nilimpelekea habari mwenyewe. Alinipa mkono, akaniuliza jedwali la robo ya pili liko wapi.

Wiki iliyopita nilipiga moyo konde nikaenda ofisini kwake, mwisho wa korido, dirisha linalotazama maegesho. Alikuwa akipanga vitabu kwenye maboksi, vizito chini, vyepesi juu. Nilimwambia yote, na kwamba nataka kuyaandika hapa. Hakuinua kichwa.

"Nilijua siku ile ile, mdogo wangu. Mwandiko ulikuwa wako. Wewe wangekufukuza, mimi wangeninunia tu."

Nilifunga mlango nikalia, na sioni aibu kuliandika hilo kwenye jarida la watu wanaoniita mkuu. Aliniacha nimalize. Kisha akaniruhusu niandike, kwa sharti moja, kwamba nisimsafishe kupita kiasi. Alisema alitia saini bila kusoma vizuri, na hilo nalo ni kosa, na kwamba sifa isiyo yake ni unga wa watu.

Basi masahihisho ya habari iliyotoka ukurasa wa tatu wa jarida hili miaka kumi na minne iliyopita ni haya. Jedwali la wasagaji lilijazwa na mimi. Uhakiki ulitiwa saini na Mama Mizani bila kusoma vizuri. Adhabu aliibeba yeye peke yake, yote, na nafasi yake nimeikalia mimi. Nimemwandikia mkurugenzi barua ili karatasi ile itolewe kwenye jalada lake, na yangu iingie kwenye langu. Cheo siwezi kumrudishia. Zimebaki siku tisa.

Mama Mizani, kitengo chako kinakushukuru kwa kila ndoo uliyoihesabu kwa macho yako. Tunakuombea afya, mume asiyechoka kukutania, binti wa kukutembelea mara nyingi, na asubuhi nyingi usizotakiwa kuzipima. Mimi nakushukuru kwa kazi ninayoifanya, na ninakuomba msamaha mbele ya wote, kwa sababu mbele ya wote ndipo uliposemwa.